Simu ya Elfu Thelathini, Chaja ya Mia. Uko Sawa Kweli?

Wasee, kuna kitu inaniudhi. Mtu analipia simu pole pole mwaka mzima, halafu anaichaji na chaja ya mia aliyookota stage. Ukimuuliza, "chaja ni chaja."

Zii. Stima ya ukuta hapa Kenya ni volti 240. Simu inataka 5. Kitu pekee kinachozitenganisha ni hako kaboksi ka plastiki, na kwa zile feki ndio mahali wamebania pesa: upande wa stima na upande wa simu umekaribiana sana ndani. Zikigusana, ile 240 inatembea na kebo hadi kwa simu. Na wewe umelala nayo chini ya mto!

Halafu nyinyi wa "ampea mob zinaua betri," nani aliwadanganya? Simu huvuta ampea inazohitaji, basi. Chaja ya ampea 3 kwa simu inayotaka 1 haina noma. Ya nusu ampea kwa simu inayotaka 2 ndio itakukesha, na kama ni feki itachemka.

Volti ndizo hazina mchezo. Chaja ya kasi huanza na 5, inapanda 9 simu ikikubali tu. Inayosukuma 9 bila kuuliza inaweza kuchoma simu yako.

So kabla utoe pesa, igeuze. Soma penye wameandika "Output". Hakuna volti, hakuna ampea, na ni nyepesi kama kiberiti tupu? Mrudishie mwenyewe.