Swichi Zikipungua, Watu Wasipunguzwe



Waajiri siku hizi wanaisifu sana mashine iitwayo inveta. Kazi yake ni kugeuza umeme wa jua au wa betri uwe umeme wa kuendeshea mota za feni za chai, pampu na mikanda. Sisi wa Chama hatuipingi. Tunachopinga ni maneno tunayoyasikia viwandani, kwamba kama mashine inaweza kufanya kazi kwa swichi chache, basi na kiwanda kifanye kazi kwa watu wachache.

Tuitazame mashine yenyewe. Inveta ya kawaida huruka kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja, mota ikapata joto na kuunguruma. Inveta ya ngazi nyingi hupanda na kushuka kidogo kidogo, kama mtu apandaye ngazi. Wajapani Nabae, Takahashi na Akagi waliandika juu ya ile ya ngazi tatu mwaka 1981. Lakini ngazi zikiongezeka, swichi nazo huongezeka, na kila swichi ipitishapo umeme hupoteza kiasi kwa joto. Ndiyo maana wataalamu wakatafuta namna ya kuzipunguza. Mtindo mmoja wa zamani ulitaka swichi 12 kupata ngazi saba. Mwaka 2011 wataalamu wa Kanada walionyesha ngazi hizo hizo kwa swichi 6.

Faida ipo. Lakini mzigo haukutoweka, umehamishwa. Mara nyingi baadhi ya swichi zilizobaki hubeba volti kubwa zaidi. Moja ikifa, hakuna mwenzake wa kuishikia zamu, mashine yote husimama. Mashine ya namna hii yataka fundi anayeijua, tena aliye karibu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mafundi wetu wafundishwe, na vipuri viwepo stoo. Pili, mtu asilazimishwe kuifungua upesi: hata umeme ukizimwa, kapasita zake hubaki na umeme uwezao kuua. Tatu, fedha itakayookolewa katika bili ya umeme izungumzwe meza moja na mishahara.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Swichi ikiondolewa haina watoto wa kulisha. Sisi tunao. Yasemeni haya katika mikutano ya matawi yenu.

Umoja ni nguvu!