Gundi Kali Si Lazima Iwe Gundi Sahihi

Ndugu mwandishi, unadai kwamba kubandika mpira kwenye chuma kunahitaji gundi kali tu, na kwamba epoksi inatosha. Nakataa. Kahama, ambako mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, mafundi wanazijua puli za mikanda ya kubebea mawe zinazovikwa mpira. Mpira hunyumbuka, epoksi ya kawaida ikikauka hukakamaa, kisha hubanduka kuanzia ukingoni. Inayofaa ni gundi ya neoprini inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi. Hata hiyo haishiki juu ya kutu wala grisi: chuma kisuguliwe hadi king'ae, kipakwe praima, na mpira ukwaruzwe. Gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka inate kidogo tu kidoleni. Anayeharakisha hapo hufungia kiyeyushi ndani, mpira ukatuna. Ndugu, sahihisha ushauri huo kabla fundi hajaufuata.