Usizibe Pua ya Injini

Ukisimamisha gari lako Mpui, kati ya Laela na Sumbawanga, ukaona oili ikidondoka chini ya injini, usikimbilie kununua sili. Uangalie kwanza mpira wa kupumulia, utokao juu ya injini kwenda kwenye chujio la hewa.

Kila injini hupumua. Sehemu ya gesi ya mlipuko hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye chumba cha oili. Mpira huo ndio njia yake ya kutokea. Ukijaa uchafu, gesi hukosa njia, ikasukuma oili nje kupitia hata sili nzima.

Injini ikishapoa, weka gari mahali tambarare, upime oili kwa stiki. Isipite alama ya juu, kwani ya ziada hutupwa kwa njia ya mpira huohuo. Kisha uvue mpira, uuoshe kwa maji ya moto na sabuni, uukaushe kabisa, uurudishe na kukaza klipu. Ukiwa umepasuka, nunua mwingine.

Sasa washa injini bila kukanyaga mafuta, ufungue kizibo cha kujazia oili. Moshi mzito ukitoka kwa nguvu mfululizo, yaelekea ringi zimelika. Hapo muone fundi.

Wapo madereva wanaouziba mpira huo kwa tambara. Methali yatuhimiza kuziba ufa, lakini tundu hili si ufa, ni pua. Kwa tambara moja waweza kuipoteza injini inayoilisha nyumba yako.