Redio ya Dijitali Mlima Kenya: Mnara Sawa, Lakini Cucu Atanunua Redio Gani?

Kama we hupanda mat ya Nyeri kwenda Nairobi, hii unaijua. Dere ameweka Inooro ama Kameme, stori imefika pahali tamu, mkishuka Sagana sauti inaanza kukwaruza. Kange anazungusha kidude akitafuta frikwensi ingine. Akiipata, stori imeisha.

Redio ya dijitali inasema itamaliza hiyo noma. Kwa mfumo wa DAB+, frikwensi moja hubeba stesheni zaidi ya kumi, na minara kadhaa inaweza kurusha kwa frikwensi hiyo hiyo bila kugongana. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, imeshasema nafasi za FM zimejaa kwa miji mikubwa, so wenye kutaka stesheni mpya wanaicheki hii kama mlango.

Kwa wenye stesheni, fiti. Sasa wewe utaisikizia na nini?

Gari yako imetoka Japan

Umoja wa Ulaya uliamua kwamba tangu Desemba 2020, kila gari mpya ya abiria yenye redio lazima ishike dijitali. Lakini Probox inayobeba mboga Karatina haikutoka Ulaya. Ilitoka Japan ikiwa mtumba, na Japan hawatumii DAB. Redio zao nyingi hata FM yetu hazishiki yote, ndio maana watu hununua kile kidude cha kuongeza frikwensi. Hapo dijitali itamaanisha kutoboa mfuko tena.

Simu nayo? Kabambe hushika FM bure, unachomeka tu earphone, hakuna kuchoma data. Simu ya DAB+ ni adimu kama theluji Nanyuki mjini. LG walitoa moja, Stylus 2, mwaka wa 2016, na hadi leo ukiingia duka la simu huwezi pata mtu anauliza kama inashika DAB.

Kiredio cha jikoni

Hapa ndio kuna maneno. Kiredio cha FM unapata kwa mia kadhaa sokoni. Kule Uingereza, redio ya DAB ya bei ya chini huanza kama pauni 20, yaani zaidi ya thao tatu kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Halafu hukula mawe zaidi ya FM. Cucu wa Mukurwe-ini anayengoja matangazo ya vifo, bei ya kahawa na mahubiri ya Jumapili hana haja na stesheni hamsini. Anataka tatu zisikike vizuri.

Na mabonde yetu hayacheki na mtu. FM ikidhoofika hukwaruza lakini bado unashika neno. Dijitali ikidhoofika hukata, kimya. Bila minara midogo ya kujazia huko ndani Othaya na Tetu, utapata sauti safi kwa ridge na kimya kwa mto.

2015 haijasahaulika

Februari 2015 TV za analogi zilizimwa. Citizen, NTV na KTN zikapotea hewani wiki kadhaa vita ya wenye stesheni na serikali ikiendelea, na mwananchi akaambiwa anunue dikoda. Aliyelipia mabadiliko ni yule wa sebuleni.

Norway, nchi ya milima kama sisi, ilizima FM ya kitaifa 2017, lakini baada ya miaka mingi ya watu kununua redio mpya, na stesheni nyingi ndogo za mashinani zikaachwa FM. Uswisi, shirika la umma SRG lilizima FM mwisho wa 2024 na likapoteza wasikilizaji. Na hao ni watu wenye doh.

Rada ni gani?

Dijitali na FM zinaweza kuishi pamoja. Ikija kama nyongeza, poa, hata stesheni ndogo ya Kimeru ama Kiembu itapata nafasi. Ikija na tarehe ya kuzima FM kabla kiredio cha dijitali kushuka bei hadi ya sokoni, basi mlima mzima utanyamaza.

So ukisikia mkubwa anazindua mnara, muulize swali moja tu: redio yake inauzwa ngapi Karatina? Na mpaka ajibu, kile kiredio chako cha zamani usikitupe.