Sudan si timu ya kuchekwa

Baada ya Léopards kushinda Mauritania 2-0 tarehe 25 mwezi wa tatu 2025, simu na ujumbe ziliingia kana kwamba tumekwisha kufika kwenye Kombe la Dunia la 2026. Furaha hiyo naielewa. Hadi siku hiyo, mara yetu ya mwisho ilikuwa 1974, inchi ikiitwa Zaïre. Miaka 51 si mchezo.

Lakini kuna neno linarudi kila siku na linaniudhi: eti wa kuogopa ni Senegal peke yake, Sudan ni "timu ya wakimbizi", itaanguka yenyewe. Neno hilo linakosea hesabu. Na likitoka kinywani mwa mtu wa Kivu, ni baya zaidi.

Tuanze na hesabu. Siku hiyo, katika kundi letu kila timu ilikuwa imecheza mechi 6, zikibaki 4. Kongo ilikuwa na pointi 13, Senegal 12, Sudan 12. Tuliongoza kwa pointi moja tu. Sasa angalia mabao. Sisi tulikuwa tumefunga 7, tumefungwa 2. Senegal walikuwa wamefunga 8, wamefungwa 1. Sudan walikuwa wamefunga 8, wamefungwa 2. Maana yake, siku hiyo tungelingana pointi na mmoja wao, sisi ndio tungekaa chini. Na wa kwanza peke yake ndiye alikuwa anaenda moja kwa moja. Wa pili alikuwa anabaki kuomba awe kati ya wa pili 4 bora wa makundi 9, halafu apite tena kwenye barrage.

Nani alikuwa ametufunga mpaka siku hiyo? Si Senegal. Kule kwao tulitoka 1-1, Fiston Mayele akasawazisha karibu na mwisho. Aliyetushinda ni Sudan, 1-0, mwezi wa kumi na moja 2023. Mechi hiyo ilichezwa Benghazi, Libya, na kwa Sudan ndiyo ilihesabiwa kuwa ya nyumbani. Tangu vita ianze kwao mwezi wa nne 2023, walikuwa hawachezi tena Khartoum. Hata klabu zao kubwa, Al-Hilal na Al-Merrikh, katika msimu wa 2024-2025 zilicheza katika ligi ya Mauritania. Hata hivyo, mwezi wa tatu 2025 Senegal walikwenda Benghazi na nyota wao wakarudi na 0-0. Kocha Kwesi Appiah amejenga timu bila uwanja wa nyumbani na bila mashabiki wa nyumbani. Sisi tuna Stade des Martyrs, na pale tulishinda Sudan Kusini 1-0 tu, timu ambayo ilikuwa haijapata ushindi hata mmoja katika kundi.

Sisemi Léopards ni wabaya. Kocha Desabre amejenga ukuta: katika mechi hizo 6, mechi 4 hatukufungwa hata bao moja. Shida yetu ilikuwa mbele. Katika hizo 6, hakuna mechi tuliyofunga zaidi ya mabao 2. Zilizobaki zilianza Juba, mwezi wa tisa 2025. Kule hakukuwa mahali pa kutafuta 1-0 na kuanza kupoteza dakika. Kisha Senegal walikuja Kinshasa, tukaenda Togo, na mwezi wa kumi tukamaliza na hao hao Sudan, Kinshasa. Iliwezekana tikiti iamuliwe siku hiyo, mbele ya timu mliyoicheka.

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe. Goma iliangukia vita mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakabeba vyombo mgongoni mara ya pili, wengine mara ya tano. Wengi wenu mnafuata mechi kwa redio ndogo, katika nyumba ya mtu, katika darasa au katika kanisa. Nani kati yenu alichagua kukimbia?

Kumbukeni Abidjan, tarehe 7 mwezi wa pili 2024. Kabla ya nusu fainali na Ivory Coast, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya Mashariki. Tuliwashukuru sana. Wachezaji wa Sudan wanabeba mzigo wa namna ile ile. Tuliodai dunia isitudharau kwa sababu ya vita, tunapata wapi ruhusa ya kumdharau mwingine kwa sababu ya vita?

Tuwafunge Sudan, ndiyo. Tuwafunge kwa mpira. Kuanzia leo, atakayepiga simu aseme nani aanze mbele, nani alinde, tucheze namna gani. Lile neno la "timu ya wakimbizi" namwomba alimeze.