Dhahabu Yetu Katika Magofu ya Cluny

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ndivyo walivyosema wahenga, nasi twaweza kuongeza kwamba ukiona vimeanguka, jua viliwahi kusimama: yuko aliyevijenga, yuko aliyelipa gharama, na yuko aliyevibomoa. Hayo ndiyo maswali matatu ya kuuliza mbele ya kila gofu. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuyaulize mbele ya gofu moja lililo mbali nasi, katika mji mdogo wa Cluny, jimbo la Bourgogne, mashariki ya Ufaransa.

Najua yuko atakayeguna na kusema: "Na sisi Waislamu wa pwani tuna haja gani na gofu la watawa wa Kinasara?" Swali hilo lina haki yake, nami sitalikwepa. Lakini kabla ya hukumu husikizwa kisa.

Yalipokuwa ni mwaka 910, mtawala Guillaume wa Aquitaine alitoa ardhi yake ya Cluny ijengwe nyumba ya watawa. Husimuliwa kwamba mwenyewe alikuwa akipapenda mahali hapo kwa ajili ya uwindaji, na hakutaka kuwahamisha mbwa wake. Mtawa Berno, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa nyumba hiyo, akamwambia awaondoe mbwa awaweke watawa, kisha apime mwenyewe ni nani kati ya hao wawili atakayemfaa mbele ya Mungu. Guillaume akakubali. Katika hati yake akaandika sharti lisilokuwa la kawaida siku zile: nyumba ile isiwe chini ya mtawala yeyote wa dunia, wala chini ya jamaa zake mwenyewe. Waliotajwa kuwa wenyewe ni mitume Petro na Paulo, na mlinzi wao akawa Papa wa Rumi.

Watawa wa Cluny walifuata kanuni ya Benedikto, mtu wa Italia aliyeishi karne ya 6. Kanuni hiyo ina milango 73, na inampangia mtawa saa za kusali, kufanya kazi, kusoma, kula na kulala. Mchana husali mara saba, na usiku huamka kusali tena. Hapana mwenye mali yake binafsi, hata kalamu. Kwa uhuru ule na nidhamu ile, Cluny ilikua hata ikawa mama wa nyumba nyingine zinazohesabiwa kuwa zaidi ya 1,000 katika nchi mbalimbali za Ulaya.

Makanisa matatu yalijengwa hapo, moja baada ya jingine. La tatu lilianzwa mwaka 1088 na abati Hugues, na likawekwa wakfu mwaka 1130. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 187, karibu viwanja viwili vya mpira, na dari yake ya mawe ilipanda kiasi cha mita 30. Halikupatikana kanisa kubwa kuliko hilo katika Ulaya ya Kinasara mpaka lilipojengwa upya kanisa la Petro huko Rumi, takriban miaka 400 baadaye.

Sasa tulijibu swali letu la pili. Ni nani aliyelipa?

Mlipaji mmoja mkubwa alikuwa Alfonso wa 6, mfalme wa León na Castilla, kaskazini ya Hispania. Baba yake alikuwa akiwapelekea watawa wa Cluny mithkali 1,000 za dhahabu kila mwaka. Mnamo 1077 Alfonso akaziongeza zikawa 2,000. Hati za Kilatini zenyewe zasema "metcales", nalo ni neno letu mithkali, halikubadilika ila matamshi. Na dhahabu hiyo Alfonso hakuichimba. Aliipata kwa wafalme wa Kiislamu wa Andalusi, ambao baada ya ukhalifa wa Kurtuba kuvunjika walijigawa vijiji vijiji, kila mmoja na kiti chake, wakawa wanamlipa mfalme wa Kinasara ili awaache salama, na pengine ili awasaidie kupigana wao kwa wao.

Aliyekaa chuoni anajua kwamba nisabu ya Zaka ya dhahabu ni mithkali 20. Basi mithkali 2,000 ni nisabu mia. Kwa kipimo cha fiqhi hizo ni kama kilo nane na nusu za dhahabu kila mwaka, kutoka mifuko ya Waislamu waliotengana, kwenda kwa watawa wa Ufaransa. Na malipo yale hayakuwanunulia amani, kwani mwaka 1085 Alfonso huyo huyo aliingia Tulaytula na kuitwaa.

Kuna jambo zito zaidi. Tarehe 25 Oktoba 1095 altare kuu ya kanisa hilo jipya iliwekwa wakfu na Papa Urbano wa 2, ambaye kabla ya upapa alikuwa mtawa wa Cluny. Kutoka hapo alikwenda Clermont, na mwezi uliofuata akasimama akatoa wito wa Vita vya Msalaba. Mwaka 1099 Baitul Mukaddas ikaanguka na watu wake wakauawa. Mimi sisemi kwamba kila mtawa wa Cluny alishika upanga. Hilo lingekuwa dhulma. Nasema tu kwamba ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe una bei yake, na risiti yake mara nyingine huandikwa katika mawe ya watu wengine.

Lakini hesabu ya Cluny na Uislamu haina upande mmoja. Mwaka 972 abati Mayeul, akirudi kutoka Rumi, alikamatwa milimani Alpi na Waislamu waliokuwa na ngome yao Fraxinetum, kusini ya Ufaransa. Ilibidi watawa watoe vyombo vya thamani vya kanisa lao ili kupata fidia yake, ratili 1,000 za fedha. Mtawa Raoul Glaber, aliyeandika karne ya 11, anasimulia kwamba abati alipokataa chakula cha waliomteka, mmoja wao alinawa mikono, akasafisha ngao yake, akakanda unga juu yake na kumpikia mkate mbele ya macho yake. Anasimulia pia kwamba mmoja alipoikanyaga Biblia ya mateka, wenzake walimkemea vikali, kwani maneno ya manabii hayakanyagwi. Tukumbuke aliyeandika hayo ni Mnasara, wala hakuwa na sababu ya kutusifu.

Kisha akaja abati Pierre, aliyepewa lakabu ya Mheshimiwa. Mwaka 1142 alisafiri kwenda Hispania, na huko akawalipa wanazuoni ujira mnono ili wamtarjumie Kurani kwa Kilatini. Kiongozi wa kazi alikuwa Robert wa Ketton, Mwingereza aliyekwenda kule kusoma elimu ya nyota, na miongoni mwa wasaidizi wao alikuwamo Mwislamu aliyeitwa Muhammad. Mwaka 1143 kazi ikaisha, na hiyo ndiyo tarjuma kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kilatini.

Nia yake ilikuwa kuupinga Uislamu, na jina alilolipa kitabu kile lina matusi kwa Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam. Tarjuma yenyewe ni ya kuzungusha maneno zaidi kuliko kuyafuata. Hata hivyo Pierre aliona jambo ambalo wengi wa zama zake hawakuliona: kwamba huwezi kujibu usichokisoma. Aliandika kwamba yeye anawaendea Waislamu kwa maneno wala si kwa silaha. Na wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba Robert mahali pengi aliingiza maelezo ya tafsiri za wanazuoni wa Kiislamu, maana yake alikaa akajifunza. Kitabu kile kilinakiliwa kwa mkono miaka 400, kisha kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1543.

Hapa mtu wa pwani hatakosa kukumbuka jambo lililo karibu naye. Tarjuma kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, iliandikwa na kasisi wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale. Tulisubiri mpaka 1969 ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakamilisha ile yake inayosomwa majumbani mwetu. Mpinzani alitutangulia katika Kitabu chetu wenyewe, tena katika lugha yetu wenyewe. Si jambo la kumlaumu yeye peke yake.

Limebaki swali la tatu. Nani aliyeibomoa Cluny?

Mwenye kudhani ni jeshi la Waislamu amekosea. Katika karne ya 16 uongozi wa nyumba ile ulianza kutolewa kama zawadi kwa wakubwa wa ufalme, waliokula mapato yake bila kuishi maisha yake. Mwaka 1562 Wanasara wa madhehebu ya Kiprotestanti waliipora. Mapinduzi ya Ufaransa yakazifunga nyumba za watawa mwaka 1790, na mwaka 1793 hati nyingi za Cluny zikachomwa moto hadharani. Mwaka 1798 majengo yakauzwa kwa wafanyabiashara, nao hawakununua kanisa, walinunua mawe. Barabara ikapitishwa katikati ya kanisa, na kwa nyundo na baruti kazi ikaendelea mpaka 1823. Mawe mengine yakajengea mazizi ya farasi wa serikali, yaliyoamriwa na Napoleon. Leo kilichobaki cha kanisa lile hakifiki hata sehemu moja ya kumi: mkono wa kusini na mnara wake wa pembe nane, na vipande hapa na pale. Mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Conant, alichimbua tangu 1928 kwa zaidi ya miaka 20 ili tu kujua kuta zilipita wapi.

Sasa namjibu aliyeguna. Katika Suratul Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba za watawa na makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kwamba lau asingewakinga watu kwa watu zingebomolewa zote. Zimetajwa pamoja, katika aya moja. Na katika Suratul Hadid, aya ya 27, tunaambiwa juu ya utawa kwamba waliuzua wenyewe, kisha hawakuuchunga kama ulivyostahiki kuchungwa. Mwenye kukisoma kisa cha Cluny ataona ushahidi wa aya hizo mbili, na hatapata ruhusa ya kucheka.

Kwa rai yangu, anayeshangilia gofu la mwenziwe hajalitazama. Lile la Cluny limetuwekea ushahidi wa mambo yetu: dhahabu yetu iliyopotea kwa fitina, na Kitabu chetu kilichosomwa na mpinzani kwa bidii ambayo sisi hatujaionyesha katika kusoma vitabu vya wengine. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kuisoma kanuni ya Benedikto, ijapokuwa kwa kutaka kuijibu?

La mwisho ni hili. Kanisa la mita 187 lilikwenda kwa miaka 25, kwa sababu waliolirithi waliona mawe tu. Kitabu cha Pierre kingalipo, kwa sababu watu walikinakili. Nasi tunaoishi kando ya Gede, Takwa na Jumba la Mtwana tunayo magofu yetu, na ndani ya masanduku ya wazee wetu tunazo hati na tenzi kwa herufi za Kiarabu ambazo mchwa hauzisomi ila huzila. Mwenye hati ya babu yake aitoe, ainakili, awape wengine nakala. Na anayechukua jiwe la ukuta wa kale akajengee banda lake, ajue kwamba wafanyabiashara wa Cluny walimtangulia kwa hesabu hiyo hiyo.

Wallahu aalam.