Sehemu ya 9: Mama ni golikipa

Leo siongelei uji wala chanjo. Leo naongelea mpira, ila ukivumilia utaona tunarudi palepale nyumbani.

Mimi nimekulia hapahapa Mchikichini. Ukikulia huku huulizwi kama unapenda mpira, unaulizwa Simba au Yanga. Msimbazi unaenda kwa miguu, Jangwani unaenda kwa miguu, na Uwanja wa Karume uko jirani na soko letu la mitumba. Kwetu ilikuwa Simba (Yanga msinikimbie), na shujaa wangu hakuwa mfungaji. Alikuwa kipa, Juma Kaseja.

Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kurudiana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Hapa tulishinda 1-0, kule tukafungwa 1-0, ikawa matuta. Uani kwetu wapangaji wote tulizunguka redio moja. Mama kashika mwiko, ugali unaungua, hakuna anayejali. Kaseja alikuwa na miaka 18 tu jamani! Akadaka, tukashinda 3-2, bingwa wa Afrika akatolewa. Watu walitoka barabarani wanapiga masufuria.

Twende mbele. Mei 2012 Simba inaifunga Yanga 5-0, na bao moja Kaseja mwenyewe kalifunga kwa penalti. Mwaka uliofuata Simba haikumuongezea mkataba. Na mimi nilishawasikia mashabiki wenzangu vibarazani: "Kazeeka huyo, mikono imelegea." Miaka yote ile ya kudaka, mabao mawili matatu yakaifuta.

Ndiyo shida ya ukipa. Straika anakosa mara tano, anafunga mara moja, anabebwa juu juu. Kipa anaokoa mara tano, anafungwa mara moja, anatukanwa hadi anafika kwao.

Sasa mama, hebu niambie, hiyo si ndiyo kazi yako?

Kliniki nakuona. Unakuja na mtoto wa miezi tisa, kadi safi, chanjo zote kapata, uzito unapanda kila mwezi. Halafu mwezi mmoja mtoto anaharisha, uzito unashuka, na uliyeongozana naye anasema mbele yangu, "Si nilisema huyu hajui kulea?" Unainamisha kichwa. Hakuna aliyehesabu usiku ulioamka, maji uliyochemsha, neti uliyochomekea vizuri kila jioni. Zote zile ni penalti ulizodaka, ila redio haikutangaza.

Na nikiri, sisi manesi nasi tumo kwenye hilo jukwaa la wazomeaji. Niliwahi kumfokea mama mbele ya foleni nzima kwa kupitiliza tarehe ya chanjo. Baadaye nikajua alikuwa kalaza mtoto wake mkubwa wodini. Mwezi uliofuata hakuja. Lile bao nilijifunga mwenyewe.

Maana yangu ni hii: lawama haimponyi mtoto. Mama akilaumiwa sana anaanza kuficha. Mtoto anachemka, yeye anasubiri mpaka asubuhi, anasubiri mpaka kesho kutwa, anaogopa maneno ya nyumbani na maneno yetu. Akifika kwetu, mtoto kashaishiwa maji, macho yameingia ndani. Hapo ndipo lawama inapoua.

Sasa msikie mwisho wa Kaseja. Mwaka 2019, ana miaka 34, yuko KMC, Taifa Stars ikamuita tena baada ya miaka nje. Tukacheza na Kenya, 0-0 hapa, 0-0 Kasarani, matuta. Akadaka, tukapita 4-1. Septemba tukakutana na Burundi Uwanja wa Taifa, matuta tena, tukashinda 3-0 na yeye yuko golini. Wale wa "kazeeka" ndio walioshangilia kuliko wote! Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba kuna kocha alimwamini.

Kwa hiyo baba, wifi, mama mkwe, nawaomba kwa heshima zote. Mtoto akiumwa, msianze na "umemfanyaje huyu mtoto?" Anzeni na "lete begi nikubebee, twende." Na wewe mama, mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege, au anaharisha na amelegea, usingoje ruhusa ya mtu. Njoo siku hiyohiyo. Nesi akikufokea, mtoto ahudumiwe kwanza, sisi tutakuja kuyaongea.

Haya, golikipa wa nyumbani kwenu ni nani? Mtaje hapo chini. Halafu kamwambie na yeye mwenyewe usiku huu, kabla hajalala. Kama atalala.